Hivi kwasari ndizo zinazoleta eksirei zote za anga, au tunadanganyana?

#1 Msoma Usiku (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu.

Jana nimebishana na rafiki yangu mpaka tukaachana bila kuagana. Ugomvi wenyewe ni ule mng'ao hafifu wa eksirei unaotoka kila upande wa anga, hata pale ambapo ukitazama kwa darubini ya kawaida huoni kitu. Msimamo wangu: ni kwasari tupu. Yaani yale mashimo meusi makubwa yanayomeza gesi huko mbali, yako mengi mpaka mwanga wake unaungana na kuwa kama ukungu mmoja. Mwenzangu anasema kwasari ni sehemu ndogo tu, na kwamba kasoma hivyo kwa macho yake. Mimi nami nimesoma kwa macho yangu kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mng'ao imeshapata mwenyewe.

Nani ana hesabu halisi? Naomba namba, mahubiri hapana.

#2 Naona Mbali
Naweka mkeka hapa. Wajuvi wakifika mnishtue.

#3 Mzee wa Roketi
Kijana, usianze na asilimia, anza na Mwezi. Mwaka 1963 Riccardo Giacconi, Bruno Rossi na wenzao wawili walirusha roketi ndogo ya Aerobee kutoka White Sands, New Mexico. Walitaka kuona kama Mwezi unatoa eksirei ukipigwa na Jua. Roketi ilikaa juu ya hewa dakika zisizofika sita. Mwezi hawakuupata. Walipata chanzo kimoja kikali mno upande wa kundinyota la Nge, ambacho leo kinaitwa Sco X-1, na mbali na hicho vihesabio viliendelea kuhesabu kila vilipogeukia. Hapakuwa na upande mtupu. Huo ndio mng'ao mnaoupigania. Walikwenda kubisha hodi nyumba moja, wakaitikiwa na kijiji kizima.

#4 Kipimapembe
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo: ilikuwa Juni 1962. Mwaka 1963 ndio Maarten Schmidt alipong'amua kwamba 3C 273, iliyoonekana kama nyota ya kawaida, iko umbali wa miaka ya nuru zaidi ya bilioni 2. Kwa hiyo mng'ao ulijulikana kabla hata kwasari hazijajulikana. Moshi ulitangulia, moto ukaja kupewa jina baadaye.

Mleta mada, swali lako halina namba moja, inategemea unazungumzia nishati gani. Kwenye eksirei laini, kati ya kiloelektronivolti (keV) 0.5 na 2, setilaiti ya ROSAT ilikodolea macho kipande cha anga kiitwacho Lockman Hole, na kufikia 1998 asilimia 70 hadi 80 ya mng'ao ilikuwa imevunjwa kuwa nukta moja moja. Darubini za eksirei za angani Chandra na XMM-Newton, zote za 1999, zikapandisha hadi 80 au 90. Sasa panda juu: ukivuka keV 8 inashuka mpaka kama nusu. NuSTAR iliyorushwa 2012 imetenganisha kama asilimia 35 kati ya keV 8 na 24. Na kilele cha nishati ya mng'ao wote kiko karibu na keV 30. Yaani pale penye mali ndipo tulipohesabu kidogo zaidi.

#5 Mzee wa Roketi
Marahaba. Umenikamata kwenye mwaka. Uzee huo.

#6 BintiAnga
Kipimapembe, namba zako ni safi ila umeruka swali. Mleta mada kauliza *kwasari*. Wewe umempa asilimia ya *nukta zilizotenganishwa*. Nukta hizo nyingi ni viini hai vya galaksi, yaani mashimo meusi makubwa yanayokula gesi katikati ya galaksi zao, na kwasari ni vigogo tu wa ukoo huo.

Wanaopima eksirei wengi wameweka mpaka kwenye ergi 10^44 kwa sekunde. Juu ya hapo ni kwasari. Chini yake ni viini vya wastani, aina ya Seyfert. Wakati wa ROSAT kila mtu alitegemea kwamba ukichimba zaidi utakuta kwasari zaidi, za mbali zaidi, za enzi ambazo kwasari zilikuwa zinastawi, miaka bilioni 10 iliyopita. Chandra ilipochimba ikakuta kinyume. Sehemu kubwa ya mng'ao inatoka kwenye viini vya wastani, vingi vikiwa vimefunikwa na gesi na vumbi, na umri wa mwanga wake ni miaka bilioni 6 hadi 8 hivi. Vigogo walistawi na kuzima mapema, watu wa kawaida wakaendelea na kazi.

Kwa hiyo rafiki yako yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Pole.

#7 Msoma Usiku
Dada umeniua mchana kweupe. Sasa ile asilimia 80 niliyosoma ilikuwa ya nani?

#8 BintiAnga
Ya ukoo mzima. Waandishi wa habari wakiona "shimo jeusi kubwa linalokula" wanaandika kwasari, wanalala.

Na kosa lina historia. Setilaiti ya Einstein iliporushwa 1978, Giacconi yuleyule na wenzake walionyesha kwamba kama robo ya mng'ao kwenye keV 1 hadi 3 inaweza kuvunjwa kuwa nukta, na kwasari zilikuwa zimejaa humo. Ukiwa na kurunzi dhaifu unaona wanaong'aa tu. Ukaamini kijiji chote ni wao.

#9 Chekecheke
Kumbe hoja nzima ni jina? Anayekula sana mnamwita kwasari, anayekula kidogo mnamwita Seyfert, shimo ni lilelile na gesi ni ileile. Mimi naona mleta mada kashinda.

#10 BintiAnga
Ukiita kila kichuguu mlima, ndiyo, kashinda.

#11 Gesi Moto
Nyie wote mnazunguka tu. Spektra ya mng'ao, yaani mgawanyo wa eksirei zake kwa nishati, ilipimwa na HEAO-1, setilaiti ya 1977, na kati ya keV 3 na 50 ilikaa vizuri mno kwenye mchoro wa gesi moja yenye joto la keV 40, yaani nyuzi zaidi ya milioni 400. Ilikaa kama kofia kichwani. Hakuna kwasari hata moja yenye spektra ya namna hiyo. Asili inapokupa mchoro laini hivyo, unauheshimu. Gesi moto imejaa kati ya galaksi, basi.

#12 Kipimapembe
Mkuu, hoja hiyo ilikuwa na nguvu kweli na watu wazito waliishikilia. Ila ilizikwa na setilaiti ya COBE. Gesi ya joto hilo ikijaa ulimwengu mzima, elektroni zake zingegonga fotoni za mnururisho wa mikrowevu, yale mabaki ya mwanga wa ulimwengu mchanga, na kuzipandisha nishati, na spektra ya mikrowevu ingepinda. COBE ilipopima, haikupinda: ni ya kitu cheusi kamili chenye nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi. Kutokana na hapo, mchango wa gesi moto iliyosambaa sawasawa ulibanwa chini ya sehemu moja ya elfu kumi ya mng'ao. Elfu kumi, mkuu.

#13 Gesi Moto
Sawa, nimepokea kuhusu gesi. Lakini kuivunja hoja yangu hakujibu swali langu. Kwa nini spektra haifanani na ya kwasari? Mng'ao una mteremko (kasi ambayo eksirei zinapungua nishati ikipanda) wa 1.4, kwasari za wazi zina 1.8 au 1.9. Huwezi kuchanganya maziwa na maziwa ukapata uji.

#14 Fundi wa Picha
Hapa naomba niingie, maana mimi si mnajimu, kazi yangu ni kupiga watu eksirei hospitalini.

Bomba la mashine yetu hutoa mchanganyiko wa miale laini na migumu. Ile laini haina faida, inaishia kwenye ngozi ya mgonjwa bila kufika kwenye picha. Kwa hiyo mbele ya bomba huwa tunaweka bati la alumini. Bati linakamata laini, migumu inapita. Mwali unaotoka nyuma ya bati ni dhaifu zaidi lakini kwa wastani ni *mgumu* zaidi. Bomba halijabadilika hata chembe.

Sasa mkiniambia viini vingi vimefunikwa na gesi na vumbi, mimi naona bati tu. Funika kwasari zako kwa mabati ya unene tofauti, changanya zote, utapata mteremko mlegevu kuliko wa kila moja ikiwa wazi. Nimekosea?

#15 BintiAnga
Hujakosea hata kidogo, na umelieleza vizuri kuliko mhadhiri wangu. Giancarlo Setti na Lodewijk Woltjer walilisema hilo mwaka 1989, na wengine wakaja kulikokotoa kwa kina miaka ya 1990. Ila wewe una alumini, sisi tuna gesi yenye chuma, oksijeni na kadhalika ndani yake.

#16 Naona Mbali
Fundi wa Picha apewe maua yake. Mkeka wangu umepata thamani.

#17 Fundi wa Picha
Ahsanteni. Swali: mabati hayo yana unene gani?

#18 Kipimapembe
Tunahesabu atomu za hidrojeni kwenye mstari wa macho. Kiini kinaitwa kizito kabisa kikivuka atomu 1.5 × 10^24 kwa kila sentimita ya mraba. Ukipima uzito ni kama gramu 2.5, sawa na tabaka la maji la sentimita 2.5.

#19 Fundi wa Picha
Sentimita 2.5 tu?! Kifua cha mtu mzima ni zaidi ya sentimita 20 na tunaona mpaka mgongo.

#20 Kipimapembe
Ndiyo, kwa sababu wewe unapiga kwa kilovolti 60 hadi 120. Darubini kama Chandra inaishia karibu na keV 8. Kwa nishati hizo hata wewe usingeona kitu, picha yako ingekuwa nyeupe tupu. Ndiyo maana viini vizito vinaponyoka Chandra na vinahitaji NuSTAR.

#21 Mbishi Mtulivu
Mmefika pazuri, sasa niwaharibie.

Karibu na kilele cha keV 30 hatujaona nukta za kutosha. Kwa hiyo watu wanakaa mezani wanapika. Chukua viini vya wazi, viini vilivyofunikwa kiasi, halafu ongeza viini vizito kabisa mpaka mchuzi ufikie alama ya HEAO-1. Tatizo: kuna upishi wa pili unaofika alama hiyohiyo. Eksirei zinazozaliwa karibu na shimo hugonga gesi ya pembeni na kurudi, na zikirudi zinaleta nundu kwenye keV 20 hadi 30. Ukiikuza nundu hiyo, viini vizito unavyohitaji vinapungua sana. Ndiyo maana makadirio ya viini vizito yanatoka sehemu moja ya kumi ya viini vyote mpaka nusu. Huwezi kumaliza ubishi huu kwa kutazama jumla ya mng'ao peke yake, maana jumla moja ina njia nyingi.

#22 BintiAnga
Mimi niko upande wa waliojificha. Chukua majirani watatu wa karibu wenye viini hai vya maana: Centaurus A, NGC 4945 na Circinus. Wawili kati ya hao ni wazito kabisa. Nyumba tatu za jirani, mbili zimefunga madirisha, halafu uniambie mtaa mzima uko wazi?

#23 Mbishi Mtulivu
Nyumba tatu si sensa, dada. Tena majirani hao ni wanyonge ukilinganisha na kwasari. Anayekula sana anaweza kuwa anapeperusha vumbi lake mwenyewe. Ukipanda mwangaza, waliofunikwa wanapungua, hilo limepimwa mara nyingi.

#24 BintiAnga
Limepimwa kwa walioonekana. Waliojificha hasa utawapima na nini?

#25 Chekecheke
Mahakama inaahirishwa, shahidi yuko nyuma ya vumbi.

#26 Kokotoo
Nami nitoe yangu, msinicheke. Data za Chandra ziko wazi kwa yeyote, nikapakua lile eneo la kusini lililotazamwa kwa sekunde milioni 7. Sekunde hizo ni siku 81, kwa kipande cha anga kisichofika eneo la Mwezi mpevu. Orodha kuu ina vyanzo 1,008. Nikajumlisha mwanga wa vyote kati ya keV 2 na 8, nikaongeza makadirio ya vile vikali ambavyo ni adimu mno kuangukia kipande kidogo namna hiyo, nikagawanya kwa jumla ya mng'ao. Nikapata asilimia 112.

Yaani vyanzo vinatoa eksirei nyingi kuliko zilizopo. Nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

#27 Naona Mbali
Hahahaha asilimia 12 za nyongeza umetoa mfukoni mwako.

#28 Kipimapembe
Kokotoo usione aibu, umegusa kidonda. Umegawanya kwa jumla ya nani?

#29 Kokotoo
HEAO-1.

#30 Kipimapembe
Nilijua. Kati ya keV 2 na 10, jumla ya HEAO-1 iko chini kuliko ya vifaa vya baadaye. XMM-Newton walipata zaidi yake kwa kama theluthi. Hapo watu wanabishana juu ya urekebishaji wa vifaa, wala si juu ya nyota. Halafu chunguza zile nyongeza za vyanzo vikali, usije ukawa umehesabu baadhi mara mbili.

Wengi hawalijui hili: asilimia ina juu na chini, na huku chini ya mstari bado pana ubishi. Mtu akikuambia "asilimia 87.3 ya mng'ao", muulize amegawanya kwa nini.

#31 Galaksi Nyumbani
Mbona hakuna anayetaja galaksi za kawaida? Kwenye hilo eneo la sekunde milioni 7, kama asilimia 70 ya vyanzo ndio viini hai. Karibu wote waliobaki ni galaksi za kawaida, ambazo eksirei zake zinatoka kwenye nyota pacha, mmoja akimnyonya mwenzake. Na ukishuka kwenye vyanzo hafifu kabisa upande wa laini, galaksi hizo zinawapita viini kwa idadi.

#32 BintiAnga
Kwa idadi, ndiyo. Kwa mwanga zinachangia asilimia chache tu. Sisimizi elfu hawafikii uzito wa ng'ombe.

#33 Galaksi Nyumbani
Sisimizi hao ndio wataziba pengo lililobaki kwenye laini, utaona.

#34 Tundu la Sindano
Na chini ya keV 1 msisahau uchafu wa hapa karibu. Galaksi yetu ina gesi moto inayong'aa, na upepo wa Jua ukigonga atomu zisizo na chaji hutoa eksirei laini. Hata kimondo chenye mkia, Hyakutake, kilikutwa kinatoa eksirei mwaka 1996 kwa njia hiyo. Ukitaka kupima mchango wa kwasari huko chini, kwanza ondoa ukungu wa uani kwako.

#35 Mzee wa Roketi
Tundu la Sindano umenikumbusha utamu mmoja. Juni 1990 ROSAT ilipiga picha ya Mwezi. Nusu iliyopigwa na Jua inang'aa. Nusu ya giza imekatwa kama kwa mkasi kutoka kwenye mng'ao wa nyuma: Mwezi unaziba eksirei zinazotoka mbali. Miaka 28 baada ya ile roketi, Mwezi ukaonekana kwa eksirei, na mng'ao ukathibitika uko nyuma yake. Safari moja, majibu mawili, ila yalichelewa.

#36 Tundu la Sindano
Na kwenye ile nusu ya giza kulikuwa na chembe kidogo za eksirei zilizowasumbua watu. Baadaye ikaonekana zinatoka mbele ya Mwezi, ni ule ule upepo wa Jua ukigongana na hewa nyembamba ya juu kabisa ya Dunia.

#37 Mkia wa Nge
Nje ya mada kidogo: setilaiti ya kwanza ya eksirei iliitwa Uhuru. Jina letu kabisa. Nasikia Wamarekani waliirusha Florida halafu wakaipa jina la Kiswahili kwa heshima tu.

#38 Mzee wa Roketi
Hapana, hapana. Uhuru ilirushwa baharini, kwenye jukwaa la San Marco la Waitalia, pwani ya Kenya karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na jina likatoka hapo. Kiongozi wa mradi alikuwa mama mmoja mhandisi, Marjorie Townsend. Palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, roketi ndogo inapata msukumo wa mzunguko wa Dunia na setilaiti inakwepa ukanda wenye chembe kali za mnururisho.

#39 Mkia wa Nge
Nimefuta kauli. Sasa Uhuru ilisema nini kuhusu mng'ao?

#40 Mzee wa Roketi
Ilitoa orodha ya vyanzo 339. Kwa mng'ao ilionyesha umetandazwa sawasawa angani, ila haikuwa na macho ya kuuvunja.

#41 Rafiki Aliyetajwa
Habarini. Mimi ndiye yule niliyeachana naye bila kuagana. Nimeonyeshwa uzi. Msoma Usiku, umesoma #6?

#42 Msoma Usiku
Nimesoma. Umesoma #9?

#43 Rafiki Aliyetajwa
#9 ni mzaha.

#44 Chekecheke
#9 si mzaha, #9 ni falsafa.

#45 Msoma Usiku
Basi niweke hivi: viini hai kwa jumla, zaidi ya asilimia 80. Tufunge?

#46 Mbishi Mtulivu
Chini ya keV 8. Juu ya hapo unabashiri.

#47 Galaksi Nyumbani
Toa asilimia chache zangu.

#48 Rafiki Aliyetajwa
Na neno kwasari halimo, naona.

#49 Asiyelala
Nimechelewa. Vipi zile nukta nyekundu ndogo za darubini ya James Webb? Wanasema ni mashimo meusi mengi mno ya ulimwengu mchanga. Hazitaongeza?

#50 BintiAnga
Nyingi zake kwenye eksirei ziko kimya ajabu. Watu wamerundika picha za Chandra moja juu ya nyingine na hawakupata kitu cha maana. Labda zimefunikwa kupita kiasi, labda hazitengenezi eksirei kama viini tulivyozoea. Kwa uzi huu, hazina mchango wa kutisha.

#51 Mbishi Mtulivu
Zimefunikwa kupita kiasi. Umesikia alivyosema mwenyewe? Akiona kitu, ushahidi. Asipokiona, kimejificha.

#52 BintiAnga
Nimesema labda, tena mara mbili. Miwani ipo?

#53 Kokotoo
Nimerudia. Kweli nilikuwa nimehesabu baadhi ya vyanzo vikali mara mbili. Nikigawanya kwa HEAO-1 napata 97. Nikigawanya kwa XMM-Newton napata kama 73. Niandike ipi?

#54 Naona Mbali
Andika kwa penseli.